Kituo cha farasi kaskazini mwa kisiwa: mafunzo mazuri uwanjani, ulinzi hafifu ufukweni

Kituo ninachokizungumzia kiko upande wa kaskazini wa Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, mwendo mfupi kutoka baharini. Kinatoa huduma mbili zilizo mbalimbali, ingawa farasi ni wale wale na fomu inayotiwa saini langoni ni ile ile. Siku za kazi na Jumamosi asubuhi kuna mafunzo ya kupanda farasi, kwa watoto na watu wazima, ndani ya uwanja uliozungushiwa ua. Jumamosi na Jumapili alasiri kuna matembezi ya ufukweni, ambayo wenyeji na wageni huyalipia ili wapande farasi mchangani na kupigwa picha. Binti yangu amesoma katika uwanja huo kwa muda wa kutosha kuniwezesha kuyapima mafunzo, na mtoto wa kaka yangu alianguka kutoka juu ya farasi katika matembezi ya ufukweni. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa mambo ya mtoto yalizungumzwa na kumalizwa baina ya familia na wenye kituo. Lakini yaliyotokea yanamhusu kila mzazi wa Nyali, Kisauni, Bamburi au Mtwapa anayefikiria kumkabidhi mwanawe kwa watu wa farasi.

Mafunzo ya uwanjani ni miongoni mwa huduma bora za watoto nilizopata kuziona mjini hapa. Matembezi ya ufukweni, kwa namna yanavyoendeshwa, simshauri mzazi yeyote ayalipie. Hakuna farasi asiyeshtuka, hata aliye mpole kuliko wote, na kwa hiyo shule ya farasi naipima kwa maandalizi iliyoyafanya mapema kwa ajili ya dakika ile ambayo farasi atashtuka. Kituo hiki kimejiandaa vizuri sana mahali pamoja, na mahali pa pili hakikujiandaa.

Familia nyingi za Kiislamu hapa Pwani hutamani watoto wao wajifunze kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, kwa kufuata mafundisho tuliyoyapokea kwa wazee wetu. Wa kumfundisha mtoto kuogelea hakosekani. Farasi ni jambo jingine. Mombasa ni mji wa punda na mikokoteni, farasi ni wa kuhesabika, na shughuli kubwa za farasi nchini, pamoja na mbio za Ngong, ziko Nairobi. Mzazi wa hapa hana shule nyingi za kulinganisha. Humwona farasi mwenye manyoya yanayong'aa na mwalimu aliyevaa buti ndefu, akatosheka. Ndiyo maana nitaeleza kwa urefu mambo ambayo macho ya mgeni huyapita.

Katika somo la kwanza mtoto hapandi farasi kabisa. Mwalimu, mwanamke mwenye sauti ya chini na subira kubwa, huwapanga watoto nje ya ua na kuwaeleza jinsi farasi anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, ila ziko sehemu mbili asizoziona: mbele kabisa ya paji la uso wake, na nyuma ya mkia. Anayetokea hapo humfikia kwa ghafla, na farasi aliyeshtuliwa kwa nyuma hurusha teke kabla hajamjua aliyemshtua. Mtoto hufundishwa kumwendea farasi kwa upande wa bega huku akisema naye, na akilazimika kupita nyuma, ama apite mbali mahali teke lisipofika, ama apite karibu kabisa, mkono wake ukiwa juu ya mwili wa mnyama ili ajue kuna mtu. Kila mtoto alifanya hivyo mara kadhaa mbele ya mwalimu. Binti yangu alinung'unika njia nzima kwamba hakupanda. Mimi niliridhika sana, kwa sababu mtu anaweza kuumizwa na farasi hata kabla hajampanda: kwa teke, kwa kukanyagwa, kwa kubanwa mlangoni mwa banda, au kwa vidole kuviringwa na kamba.

Helmeti ndilo jambo ambalo mwalimu halitolei msamaha hata kidogo. Ziko za saizi mbalimbali, na zote zina lebo ya kiwango cha helmeti za kupandia farasi. Aliyekuja na helmeti ya baiskeli au ya bodaboda huombwa aiache kwenye benchi. Humvisha kila mtoto kwa mikono yake mwenyewe, ukingo ukae juu kidogo ya nyusi, kisha humwambia atikise kichwa mkanda ukiwa bado haujafungwa. Ikiyumba, ni kubwa. Mkanda wa kidevuni hufungwa mpaka iwepo nafasi ndogo tu ya kumwezesha mtoto kuzungumza na kumeza mate. Ukutani ofisini kuna helmeti moja iliyopasuliwa katikati ili watu waone povu gumu la ndani. Povu hilo hubonyea linapopokea kishindo, na halirudi tena lilivyokuwa, hata kama ganda la nje halina mkwaruzo. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kumwokoa mtu hukatwakatwa na kutupwa ili mwingine asije akaivaa. Nilimsikia baba mmoja akidai kwamba wapandaji hodari hawavai vitu hivyo. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba hata katika mashindano ya kimataifa ya farasi wa mwendo wa madaha, ambako mabingwa walikuwa wakivaa kofia ndefu nyeusi za heshima, helmeti imekuwa lazima kwa wote tangu mwaka 2021.

Hata hivyo, huwa haipambi helmeti zaidi ya uwezo wake. Kwa watu wazima wanaotaka kuruka vizuizi kabla ya wakati wao, hutaja mkasa wa Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani, aliyekuwa mpandaji mwenye mazoezi na aliyekuwa amevaa helmeti siku ya mashindano huko Virginia, mwezi Mei 1995. Farasi wake alisita ghafla mbele ya kizuizi, yeye akatangulia kwa kichwa, akavunjika shingo na kupooza mpaka alipofariki mwaka 2004. Helmeti hulinda fuvu. Shingo hulindwa na uamuzi wa mwalimu kwamba mtu fulani bado hajafikia hatua fulani. Wateja hawapendi kukataliwa, nami nimewaona watu wakiondoka wamekasirika, lakini mwalimu huyu hukataa, na kituo humuunga mkono.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nisingeyajua bila kukaa pale kwenye benchi la wazazi. Farasi huweza kujaza kifua pumzi anapofungwa tandiko, kisha akaitoa, na mkanda wa tumbo uliokuwa umekaza hulegea. Saisi, yaani mtunza farasi, huukaza, humtembeza farasi kidogo, huukaza tena kabla mtoto hajapanda, na baada ya mzunguko wa kwanza mwalimu huwasimamisha wote na kukagua mkanda mmoja mmoja. Asiyefanya hivyo anamwachia mtoto akae juu ya tandiko linaloweza kupinduka likaenda chini ya tumbo la farasi pamoja na aliyelikalia. Viatu navyo huangaliwa. Ndala na makubadhi haviruhusiwi, wala raba zisizo na kisigino, kwa sababu mguu unaweza kupenya ndani ya kikuku, kile cha tandiko kinachokanyagwa, ukanasa, na aliyeanguka mguu ukiwa umenasa huburutwa. Mzazi mmoja alikuja na mtoto aliyevaa makubadhi mapya ya Idi. Mwalimu alimtolea mtoto buti kutoka rafu ya kituo, somo likaendelea. Kwa watoto wadogo hutumiwa vikuku ambavyo upande wake wa nje umefungwa kwa mpira badala ya chuma, hivi kwamba mguu ukivuta kwa nguvu, mpira hufyatuka na kuuachia.

Farasi hawazidi wanne kwa somo la wanaoanza, mwalimu mmoja na masaisi wawili, na baina ya farasi na farasi huachwa nafasi ya urefu wa farasi mzima ili wasiumane wala kupigana mateke. Anayeanza huongozwa kwa kamba. Akizoea, hufundishwa kwenye duara akiwa ameshikiliwa kwa kamba ndefu, na mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, huja baada ya hapo. Kwenda shoti, yaani mbio za kasi, hakupo kabisa kwa mwanafunzi ambaye mwalimu hajaridhika na jinsi anavyokaa juu ya tandiko. Kila anguko, hata la mtoto aliyeteleza taratibu na kucheka, huandikwa kwenye daftari: siku, jina la farasi, kilichomshtua, hatua iliyochukuliwa. Niliomba kulisoma daftari hilo nikapewa bila kusitasita. Farasi mmoja aliyetajwa mara kadhaa kwa kuinua miguu ya nyuma alikuwa ameondolewa kwenye masomo ya watoto, na kando ya jina lake iliandikwa kwamba alikutwa na kidonda mgongoni chini ya tandiko.

Kidonda hicho kinanileta kwenye hali ya farasi wenyewe, nayo ni nzuri. Farasi mwenye maumivu hujitetea, na mtoto aliye juu yake ndiye anayelipa. Farasi wengi wa hapo wana uzito wa karibu kilo 400, na kanuni inayofuatwa ni kwamba mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 80. Mizani iko karibu na lango, na mtu mzima mwenye uzito mkubwa huelezwa kwa adabu. Kuanzia saa sita hadi saa tisa farasi hupumzika kivulini, maana joto la Mombasa lenye unyevunyevu halikaushi jasho la mnyama upesi. Huchanjwa dhidi ya maradhi ya farasi ya Kiafrika, ambayo huenezwa na visubi, na huingizwa mabandani kabla ya magharibi wakati wadudu hao wanapozidi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kufanya kazi kwa ugonjwa au kidonda. Hapa sikuona haja ya kumkumbusha mtu.

Niliyaamini matembezi ya ufukweni kwa sababu ya hayo yote.

Ratiba ndiyo kasoro ya kwanza, na ni kasoro ambayo mtu wa Pwani hakupaswa kuifanya. Matembezi huanza saa kumi alasiri kila Jumamosi na Jumapili, majira yote. Bahari yetu haina saa moja. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, saa kumi alasiri hukuta maji yametoka na ufukwe ni mpana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, saa hiyo hiyo hapa Mombasa ndiyo saa ya kujaa kwa maji. Mchanga mgumu na mpana ambao farasi huutembea kwa raha unakuwa umefunikwa, na kinachobaki ni ukanda mwembamba wa mchanga laini baina ya mawimbi na kuta za hoteli na nyumba. Ndani ya ukanda huo wamebanana wote: wachuuzi wa madafu na miwani ya jua, vijana wanaocheza mpira, ngamia wa kupigia picha, watoto wenye tiara, pikipiki za majini zinazoegeshwa na kuwashwa hatua chache kutoka kwa kwato. Farasi hujikinga kwa kukimbia. Akishtuka huitafuta njia iliyo wazi, na mahali ambapo upande mmoja kuna ukuta na wa pili kuna mawimbi, njia iliyo wazi ni ile iliyojaa watu.

Idadi ya walinzi ndiyo kasoro ya pili. Uwanjani farasi wanne wana watu watatu, tena ndani ya ua. Ufukweni, ambako hatari ni kubwa zaidi, siku ile farasi watatu walikuwa na saisi mmoja, kijana mwema na mchapakazi, aliyewashika wawili kwa kamba na kumwacha wa tatu afuate nyuma kwa kuwa ni mpole. Farasi ni mnyama wa kundi; mmoja akikurupuka, wenzake hukurupuka kabla hawajajua sababu. Mwalimu hakuwepo, kwa sababu wikendi alasiri si zamu yake.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa juu ya huyo wa tatu. Helmeti alipewa, ila zilitolewa kwenye gunia na kila mtu akajichagulia. Yake ilikuwa kubwa, na hakuna aliyemkagulia mkanda wa kidevuni. Upepo wa kusi uling'oa mwavuli wa mchuuzi na kuuviringisha mchangani. Farasi aliruka kando, akageuka kuelekea kituoni, mtoto akaanguka karibu na ukuta, na helmeti ikawa imekwisha kumtoka kabla kichwa hakijagusa chini. Nilikuwa umbali mdogo nyuma yao. Alipofumbua macho aliniuliza, "Shangazi, tumefika lini hapa?" Nilimjibu. Akaniuliza tena swali lile lile, na tena, kana kwamba hakuwahi kujibiwa.

Nia njema isiyo na mafunzo ilimwongezea mtoto hatari. Saisi alimkimbilia, akamshika makwapa ili amsimamishe. Mpita njia mmoja aliyejitambulisha kuwa muuguzi akamzuia kwa sauti kali, akapiga magoti na kumshika mtoto kichwa kisigeuke. Aliyeanguka kutoka juu ya farasi huachwa alipolala mpaka ijulikane kwamba shingo na uti wa mgongo viko salama, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi au hapumui. Aliyevaa helmeti havuliwi kwa pupa. Mtu mmoja hubaki naye, mwingine huwashika farasi na kuwasogeza mbali, mwingine huenda barabarani kuwaongoza watu wa ambulansi. Haya yote huamuliwa kabla, kwa majina ya watu, kwa sababu wakati wa mshtuko hakuna anayefikiri vizuri. Siku ile sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa ofisini, simu ya saisi haikuwa na salio, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haikuandikwa popote, ingawa kuipiga hakuhitaji salio. Kijana yule alifanya alichoweza, naye simlaumu. Waliomtuma peke yake ndio wenye lawama. Msimamizi aliyepatikana kwa simu yangu alipendekeza mtoto apandishwe tena, wakati bado yuko pale, asije akawa mwoga wa farasi. Wazo hilo limeenea sana miongoni mwa watu wa farasi, na kwa mtu aliyegonga kichwa ni la hatari, maana ubongo uliotikiswa ukipata kishindo cha pili kabla haujapona unaweza kuvimba vibaya.

Hospitalini alipigwa picha ya kichwa, nayo haikuonyesha damu kuvuja. Daktari alikiita kilichompata mtikisiko wa ubongo. Tuliambiwa tumwangalie kwa makini usiku ule, tumrudishe upesi akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au pande za mwili zikilegea. Na kwamba michezo yote isubiri mpaka dalili zitakapokwisha, kisha arudishwe hatua kwa hatua. Alipona. Kwa muda fulani kelele za darasani zilimuumiza kichwa, na kaka yangu alilazimika kuiomba shule imruhusu kukaa nje.

Nilipokwenda kituoni kuonana na msimamizi, aliiweka mezani fomu niliyoitia saini. Imeandikwa kwa Kiingereza peke yake, kwa maandishi madogo, na inasema kwamba kituo hakitawajibika kwa jeraha wala kifo kwa sababu yoyote ile.

"Mama, farasi ni mnyama," aliniambia, "na hatari yake uliikubali mwenyewe."

"Bwana," nilimwambia, "hatari ya farasi kushtuka niliikubali. Mkanda wa helmeti usiofungwa sikuukubali, kwa sababu huo haukuwa wa farasi, ulikuwa wenu."

Kwa maoni yangu hapo ndipo mpaka ulipo, na ni mpaka ambao wazazi wengi hawauoni wanapoiona fomu. Kupanda farasi kuna hatari zisizoondoleka, na anayepanda huzibeba. Lakini kumchagulia mtu farasi, kukagua tandiko, kumvisha helmeti, kuweka watu wa kutosha na kuchagua mahali na saa ni kazi za kituo, na mteja hana ujuzi wala nafasi ya kuzifanya kwa niaba yake. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, kupata maelezo anayoyahitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro za huduma. Sheria ya Dhima ya Wenye Maeneo, Sura ya 34, inamtaka mwenye eneo achukue tahadhari ili mgeni wake awe salama, na inamtaka atarajie kwamba mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima. Ufukwe si mali ya kituo, hilo ni kweli. Farasi, tandiko, helmeti na saisi ni vyake, na wajibu wa kutozembea unamfuata popote anapoifanyia biashara yake. Anayetaka kufungua kesi ya jeraha la uzembe asichelewe, kwa kuwa sheria inampa miaka 3.

Uingereza waliitungia shughuli hii sheria yake mahususi mwaka 1964. Vituo vya kukodisha farasi na kufundishia vikatakiwa viwe na leseni ya halmashauri, vikaguliwe na daktari wa mifugo na, baadaye, viwe na bima. Na tangu mwaka 1978 karatasi ya kujiondolea dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe haina nguvu kabisa huko. Sikumtajia msimamizi mambo hayo ili kumtishia. Nilitaka aone kwamba niliyokuwa nikimdai ni mambo ya kawaida katika kazi yake, na kwamba nusu yake anayafanya tayari, tena vizuri sana, hatua chache kutoka mezani pake.

Mwalimu, aliyekuwa ameitwa kuja kusikiliza, hakumtetea mwajiri wake. Alisema alikwisha kuomba matembezi ya ufukweni yawe chini ya zamu yake, akaambiwa kwamba mapato ya wikendi hayawezi kubeba mshahara wa mtu wa pili. Nilimheshimu zaidi kwa kulisema hilo mbele ya msimamizi, na naye msimamizi, kwa haki yake, hakumkaripia. Alinyamaza, akafungua daftari la maanguko, akakuta kwamba anguko la mtoto wetu halikuandikwa humo, kwa kuwa daftari ni la uwanjani.

Tangu hapo baadhi ya mambo yamerekebishwa, na nimeyathibitisha kwa macho. Helmeti za ufukweni sasa huvishwa kituoni, kwa mikono ya mfanyakazi, na aliyefungiwa haruhusiwi kufungua mkanda mpaka ashuke. Kila farasi ana mtu wa kumwongoza. Saisi mmoja amepata mafunzo ya huduma ya kwanza na hubeba begi lenye vifaa, redio ya mawasiliano na namba za dharura zilizobandikwa. Matembezi yameanza kuandikwa kwenye daftari. Kitabu cha jedwali la maji cha Mamlaka ya Bandari kimetundikwa ofisini, lakini saa kumi imebaki saa kumi, kwa maelezo kwamba hoteli zinazoleta wageni zimezoea saa hiyo. Fomu ya Kiswahili haijatoka. Hati ya bima ya dhima kwa wateja sijaonyeshwa, ingawa nimeambiwa ipo. Na nilipouliza kama masaisi wenyewe wamekatiwa bima inayotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, sikupata jibu. Hao ndio wanaosimama karibu na kwato kutwa nzima.

Bei si tatizo. Somo la dakika 45 ni shilingi 2,500, buti na helmeti vikiwemo, na kwa ninachokiona pale uwanjani ni fedha iliyotumika vizuri. Anayempeleka mtoto aombe somo la asubuhi, amvishe suruali ndefu na viatu vyenye kisigino kifupi, na aombe kulisoma daftari la maanguko, watampa. Matembezi ya nusu saa ufukweni ni shilingi 2,000. Mtu mzima anayeyataka achague wikendi ya maji mafu, akatae farasi asiyeongozwa kwa kamba, na aujaribu mwenyewe mkanda wa helmeti kabla ya kutoka langoni. Mtoto asipelekwe huko mpaka saa ya kuanza iwe inafuata maji, mwalimu awe pamoja nao, na hati ya bima iwe ukutani mahali kila mzazi anapoweza kuisoma.